Usiulize Gitaa Ni la Nani

Tangu nirudi, kila mwanakwaya anayekutana nami njiani ana swali lilelile: gitaa liko wapi? Wengine hawaulizi, wananitazama mikono tu na kunyamaza, jambo ambalo ni baya zaidi. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nimpe kichwa na yule mkia, kisha mkutane baada ya ibada mniite mwongo. Basi nimekaa chini nikaandika yote. Habari za kuomba ruhusa kazini, kupiga simu na kutafuta wauzaji mtandaoni nimeziacha, hazina utamu wowote.

Chanzo chake mnakijua. Gitaa langu la mbao lilifunguka mgongo kwenye mazishi ya mzee Ombati, mvua ikinyesha, nikiwa katikati ya ubeti wa pili. Hilo lilikuwa la tatu kunifia. Huku kwetu kwenye chai mbao hazina maisha: asubuhi ukungu, mchana jua kali, saa nane mvua, na gundi huchoka kabla ya mpigaji. Nyuzi za chuma nazo siziwezi. Miaka ishirini ya kuchuma chai imenipasua ncha za vidole, na chuma kikiingia kwenye nyufa hizo machozi yananitoka bila huzuni. Kwa hiyo nilipoona kwenye simu gitaa la nyuzinyuzi za kaboni, jeusi kama sufuria ya kuni, lenye nyuzi za nailoni, likimwagiwa ndoo nzima ya maji na bado likaimba, nilisema hilo ndilo langu.

Lakini haraka ilikuwa ya nini? Hapo wachache ndio wanaojua. Mama yangu Kerubo alikuwa ameamua kufa. Hakuwa na ugonjwa wa kutajwa. Alianza tu kugawa vitu vyake, leso kwa huyu na sufuria kwa yule, akaacha kula isipokuwa vijiko vitatu vya uji, na kila asubuhi akaniuliza, "Nyakundi, gitaa imepatikana?" Nikisema bado, anageukia ukutani. Nilimpigia baba gitaa siku tulipomzika, na mama alishasema kwamba yeye hataingia udongoni kimya kama mbuzi. Alikuwa anangoja gitaa ili aende. Nikilikosa nitamzika kwa aibu, nikilipata nitamzika mapema. Hebu fikirini mtu anayesafiri na mzigo huo, anataka kufika na anaomba asifike.

Kericho hadi Soin

Nilitoka nyumbani asubuhi na kifua cha gitaa langu lililokufa, pamoja na shingo yake, nikavifunga kwenye blanketi dogo la kijivu. Nilitaka kipimo. Gitaa la nailoni huwa na shingo pana, na mimi vidole vyangu ni vinene, kwa hiyo sikutaka kudanganywa kwa macho.

Nilikuwa nimesikia kwamba Soin kuna mama mwenye duka la vitu vya mitumba aliye na gitaa la kaboni. Ukitoka Kericho kushuka Soin unavua nguo njiani: koti kwanza, kisha sweta, na ukifika unatafuta kivuli. Mwenye duka aliitwa Mama Njeri, mtu mnene mchangamfu ambaye wazazi wake walitoka Nyeri zamani wakaja kufanya biashara. Alinikaribisha kwa kipande cha muwa kabla hata ya kuniuliza jina, na aliposikia nafundisha kwaya akaanza kuniita mwalimu.

"Carbon ndiyo hii, mwalimu," akasema, akilishusha kutoka kwenye msumari. "Original kabisa. Angalia vile imeiva."

Lilikuwa jeusi kweli. Nikaligonga mgongo kwa kifundo cha kidole. Likajibu kama mlango. Nikachungulia ndani ya tundu kwa tochi ya simu, nikaona mbao nyekundu zimelala vizuri na mchwa wameshaanza kupanga nyumba.

"Mama Njeri, hii ni mbao iliyopakwa rangi."

"Si carbon ni nyeusi?"

"Ni nyeusi."

"Na hii ni rangi gani?"

Hakuwa na aibu hata kidogo, kwa hiyo tulikula githeri pamoja kama watu waliomaliza biashara vizuri. Nilipokuwa namshukuru ndipo aliposema, bila kuniangalia, kwamba lipo la kweli. Liko juu, upande wa Sotik kuelekea Bomet, na dalali alishamletea habari zake.

"Kwa nini hukulichukua?"

"Hiyo? Hata nipewe bure sichukui."

Nyinyi mnawajua wafanyabiashara wetu. Nikacheka, nikamwambia hajazaliwa mtu wa kwao atakayekataa kitu cha bure. Yeye hakucheka. Akafuta mikono kwenye kanga akasema, "Hiyo gitaa inajibu, mwalimu. Mtu akiongea kwa nyumba, yenyewe inajibu. Na haijaguswa." Akanielekeza kwa fundi mmoja wa Kapkatet aliyewahi kulishika, akanipa muwa mwingine wa njiani.

Soin hadi Kapkatet

Nilirudi juu kwenye baridi na kupata lori la kubebea majani ya chai lililokuwa linarudi tupu. Dereva alinipakia nyuma kati ya magunia. Tulikuwa hatujamaliza nusu ya safari mvua ya mawe ikaanguka. Tukasimama kwenye kibanda cha kununulia majani na kukaa humo saa tatu nzima, watu sita na mbuzi mmoja, tukitazama mawe meupe yakipiga chai. Kila mmoja humo alikuwa na mashamba yake, kwa hiyo kila mmoja alikuwa akihesabu hasara yake. Mvua ilipokata, mashamba yalibaki matawi matupu, na harufu ya majani mabichi yaliyosagika ilikuwa kali kama dawa. Mzee mmoja alisema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu, "Mwaka huu kitu iko na njaa." Sikumuuliza ni kitu gani.

Lori likaniacha Kapkatet karibu na lango la hospitali. Niliteremka na blanketi langu begani, nikaliweka kifuani ili nisiliangushe kwenye matope, kisha nikasimama kupumua. Kelele zikapungua. Waliokuwa kwenye benchi wakiuza mandazi wakaacha kuongea. Mwanaume mmoja akavua kofia. Mama mmoja mzee akainuka, akanishika mkono na kunikalisha mahali pake, akafunika vizuri ncha ya blanketi iliyokuwa imefunguka. Akasema polepole, "Pole, baba. Pole sana. Ni msichana ama kijana?"

Ndipo nilipojiona kwa macho yao: mtu mzima aliyelowa, anatoka upande wa hospitali, amekumbatia kitu cha ukubwa wa mtoto wa miaka minne kilichofungwa kwenye blanketi.

Ningesema ni gitaa. Ingekuwa kicheko cha wiki nzima. Lakini yule mama alikuwa na machozi tayari, na kofia ya yule mwanaume ilikuwa bado mkononi, nikaona haya kuwanyang'anya huruma yao. Nikasema, "Ni kijana." Mniwie radhi. Akauliza jina lake ili amwombee, nikashikwa, nikasema hakuwahi kupewa jina. Yule mama akaguna kwa sauti ya chini, akasema, "Basi hiyo ndiyo mbaya. Hiyo haina mahali ya kurudia." Niliondoka hapo nikitembea kama mfiwa wa kweli, na kusema ukweli moyo ulikuwa umenilegea.

Fundi aliitwa Bwana Langat. Alikuwa na chumba kimoja kilichojaa redio zilizofumuliwa, na alinipokea vizuri mno kwa mtu aliyekwisha kuambiwa na Mama Njeri kwa simu nimekuja kwa jambo gani. Yeye mwenyewe alikuwa na gitaa la kaboni. Akaniruhusu kulishika. Lilikuwa jepesi, na ukilielekeza kwenye dirisha unaona nyuzinyuzi zake zimesukwa kama mkeka. Nikaligonga, likajibu kwa mlio mkavu mfupi usio na mbao ndani yake. Shida ni kwamba lilijengwa kwa ajili ya nyuzi za chuma. Langat alishajaribu kuvisha nailoni.

"Piga usikie," akasema.

Nilipiga. Nyuzi zilicheza, kifua kikakataa kuamka. Nikapima shingo kwa kipimo changu, vidole viwili vikakaa mahali pa kimoja.

"Mwili ni sawa, lakini ilizoea nguvu ya chuma," Langat akasema. "Ukiipatia nailoni inalala. Gitaa ya nailoni lazima ijengwe ya nailoni kutoka mwanzo. Kuna moja tu nimeona hii side yote."

"Ile inayojibu?"

Alizima redio iliyokuwa ikikoroma pembeni. Akaniambia aliwahi kuitwa kuliangalia, maana wenyewe walidhani lina umeme ndani. Hakukuta umeme. Alikuta gitaa zuri kuliko yote aliyowahi kufungua, na nyuzi zake zote zilikuwa sawasawa. "Ni ya yule kijana," akasema. Nikangoja jina. Halikuja. Nikauliza kijana yupi.

"Mwalimu, wewe nenda uangalie, ukipenda uongee na wenyewe. Lakini ukiwa kwa hiyo boma, usiulize gitaa ni ya nani. Umenisikia? Usiulize."

Nikaahidi. Nililala kwake usiku huo, na kipimo changu nikamwachia kwa kuni, kwa sababu sikutaka tena kupita mbele ya hospitali nimekibeba.

Kapkatet hadi Chepilat

Langat alimpigia simu mwanamke anayeitwa Chebet. Chebet anaendesha pikapu ya kukusanya maziwa, na dada yake ameolewa katika boma hilo. Tulipatana anichukue Chepilat saa nne. Alikuja saa nane. Pikapu ilikuwa imezama kwenye matope huko alikotoka, na maziwa ya watu yakaganda.

Sikujali sana, kwa sababu Chepilat ni mpakani na akina mama wa kwetu Nyamira huja hapo kuuza ndizi. Kusikia Kikisii baada ya siku mbili ni kama kuvua viatu. Mmoja wao alinikatia ndizi mbivu, akaniuliza naenda wapi. Nilipomwambia aliacha kukata.

Ndiye aliyenipa habari nzima. Miaka mitatu iliyopita kijana wa boma lile alikuwa akirudi kutoka kupiga gitaa kwenye harusi, mvua imenyesha huko juu, akajaribu kuvuka mto Kipsonoi. Mto ukamchukua. Watu walitafuta wiki mbili. Siku ya tatu wakaliona gitaa limesimama kwenye matete likiwa kwenye mfuko wake, maji yakamwagwa, likawa zima kama limetoka dukani. Kijana mwenyewe hakupatikana hata kiatu.

"Na mama yake?" nikauliza.

"Mama yake alisema mtu ambaye hajaonekana hajakufa. Hawajalia mpaka leo. Hawamtaji, maana wakimtaja watasema 'alikuwa', na yeye hataki hiyo 'alikuwa'." Akanipa ndizi zilizobaki akasema kwa lugha yetu kwamba nyumba isiyolia si nyumba ya kuingia na njaa, nile nishibe kabisa.

Nilikula zote. Nilianza kuelewa kwa nini kila mtu tangu Soin alisema "hiyo" na "ya yule". Jina la kijana lilikuwa limefungiwa mlango katika nchi nzima, na mimi nilikuwa naenda kuchukua kitu chake cha mwisho. Nilifikiria kurudi. Kisha nikamfikiria mama na ukuta wake, nikabaki.

Chepilat hadi kwa Kogo

Chebet ni mtu wa maneno machache na gia nyingi. Tulipanda kwenye ukungu mpaka hatukuona hata chai kando ya barabara, tuliisikia tu ikikwaruza pikapu. Ndipo aliponiambia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba nimeangukia siku ya shughuli.

"Dada yangu amejifungua kijana, ako na siku nane. Leo wanamwita jina. Wamejaribu mara mbili, amekataa."

Mimi ni Mkisii niliyezaliwa kwenye laini, zile nyumba za safu za wachuma chai, nimeishi na Wakipsigis maisha yangu yote, lakini jambo hili sikuwahi kulikaribia. Akanieleza. Akina mama wazee wanakaa na mtoto, wanataja majina ya waliokufa katika ukoo, mmoja baada ya mwingine. Wanamnusisha ugoro kidogo sana. Jina ambalo mtoto atapigia chafya ndilo lake, kwa sababu mwenye jina hilo ndiye aliyerudi.

"Na huyu hajapiga chafya?"

"Wamemaliza wazee wote. Hata wale wa zamani sana. Mtoto anaangalia tu." Akabadilisha gia. "Na kila akilia, ile gitaa inalia naye huko chumba ingine. Dada yangu amesema iondoke ama yeye aondoke. Ndiyo maana Kogo amekubali kuuza."

Kogo ni bibi kwa Kikipsigis. Huyu aliitwa Kogo Taprandich, mama wa yule kijana na nyanya ya mtoto. Tulipofika alitoka nje kunisalimu, mrefu, mwembamba, macho makavu kabisa. "Chamgei," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alinipa mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kikombe, na nilikunywa yote ingawa tumbo lilikuwa limejaa ndizi, maana kukataa maziwa ya mtu katika boma lake ni kutafuta vita. Ndani kulikuwa na wanawake wanne wazee, na dada yake Chebet amekaa pembeni na mtoto, amechoka, hataki kuutazama mlango wa chumba cha pili.

"Iko huko," Kogo akaniambia. "Angalia polepole. Sisi tuko na kazi yetu."

Chumba kilikuwa na kitanda kilichotandikwa, suruali imekunjwa juu ya kiti, na gitaa limelazwa kwenye mto kama mtu. Nililipeleka dirishani. Ndugu zangu, sitalisifu sana, mtasema ni sizitaki mbichi hizi kwa kinyume. Lilikuwa la nailoni tangu kuzaliwa. Shingo pana, vidole vyangu vilikaa kila kimoja kwa baba yake. Mgongo wa mviringo usio na kiungo hata kimoja cha maji kuingia. Na halikuwa na umri. Gitaa la mbao humbeba mwenyewe: jasho lake, kucha zake, mahali alipozoea kuegemeza mkono. Hili halikubeba chochote. Miaka ya kupigwa, siku tatu za mto, miaka mitatu ya kitanda, na halikuwa na mkwaruzo mmoja. Kijana huyo hakuwa ameacha alama mahali popote duniani.

Nikagusa nyuzi kwa kidole gumba. Zote sita zilikuwa kwenye sauti zake.

Nikachungulia sebuleni nikamuuliza Chebet kwa ishara, nani hulipiga? Akatikisa kichwa. Hakuna.

Nilirudi dirishani. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wameanza. Mama mmoja alikuwa akiita, jina, kimya, jina, kimya, sauti imetulia kama anayesoma orodha ya wagonjwa. Mtoto akalia kidogo. Na hapo, mikononi mwangu, bila mimi kugusa kitu, uzi wa tatu ukatetemeka na kutoa sauti ya mtoto.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, najua sababu. Ukiimba sauti ya uzi karibu na gitaa, uzi utaitikia. La mbao huitikia kidogo, la kaboni zaidi. Nalijua hilo tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Kujua huko hakukunisaidia chochote, nilitaka kulitupa kitandani.

Kujituliza nikafanya kazi. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia ndani ya tundu, nione kama kuna ufa. Kwenye ukuta wake wa ndani palikuwa na karatasi imebandikwa, wino umechujuka kwa maji lakini unasomeka. Sasa, mnanijua. Siwezi kusoma kimya. Nimefundisha nyimbo kwa kusoma kwa sauti miaka mingi, na macho yangu hayafanyi kazi bila mdomo. Sikuuliza gitaa ni la nani. Nilisoma tu, mdomo ukiwa karibu na tundu, na gitaa likalichukua neno hilo na kulirudisha kubwa kuliko nilivyolisema.

"Sigei."

Upande wa pili wa ukuta mtoto akapiga chafya.

Mama aliyekuwa akiita aliachia jina katikati. Kisha Kogo akasimama mlangoni, na uso wake siwezi kuuandika.

"Umesema nini?"

"Nimesoma, Kogo. Imeandikwa humu. Nisamehe."

"Soma tena."

Nilitamani Langat anitoe hapo kwa mkono. Nikasoma tena. Mtoto, ambaye sasa hakuwa na ugoro puani wala mtu aliyemkaribia, akapiga chafya ya pili.

Kogo alikaa chini palepale mlangoni. Ilitoka kwanza sauti ya chini, kama mtu anayeinua gunia, kisha akalia, kilio cha miaka mitatu chote kwa pamoja, akiita jina hilo ambalo hakulitaja tangu siku ya mto. Na nyuma yake wale wazee wengine walikuwa wanapiga vigelegele. Mwanawe alikuwa amekufa na alikuwa amerudi, habari zote mbili zimefika kwa chafya moja. Nyumba ile ililia na kucheka kwa wakati mmoja, na gitaa mikononi mwangu likaitikia vyote viwili, nami sikuweza kulinyamazisha.

Walipotulia nilikumbuka nilichokuja kutafuta. Nikamweleza Kogo habari za mama yangu, vijiko vitatu vya uji, ukuta, yote. Alisikiliza mpaka mwisho huku amempakata mtoto. Sikumficha kwamba nililitaka gitaa lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

"Nilikuwa nauza kitu ya mtu hayuko," akasema. "Sasa ako. Mimi siwezi kuuza kitu yake na yeye amekaa hapa ananiangalia."

"Kogo, ana siku nane."

"Ndiyo. Hajui kuongea. Akijua, wewe kuja umuulize. Akisema chukua, beba. Akikataa, utamsamehe."

Nilikasirika, siwezi kuwaficha. Nilisema mama yangu hana huo muda, nikasema kwa sauti kuliko inavyofaa katika nyumba ya mtu. Kogo hakukasirika. Alichukua kiganja cha mtoto akakiweka juu ya nyuzi, vidole vidogo vikafumba uzi mmoja na kuushika, na mkono ulipoondolewa haukutoka kwa urahisi. Hapo nikalilaza gitaa kwenye mto wake. Nani atanyang'anya mtu kitu alichokishika?

Kurudi

Kurudi hakukuwa na hadithi, isipokuwa Chebet alinipitisha mpaka Kapkatet, na nilipoteremka akasema, "Asante, mwalimu," kana kwamba nimewafanyia kazi.

Njia nzima nilitafuta namna ya kumwambia mama. Nilipanga uongo wa aina tatu. Nilipofika alikuwa ameamka, amekaa kitandani na shuka mabegani, akanitazama mikono.

"Iko wapi?"

Uongo wote ulinitoka kichwani. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia kama nilivyowaambia nyinyi, tangu Soin. Alicheka kwa mama wa duka. Pale pa hospitali alinigombeza. Nilipofika kwenye chafya aliacha kuchezea shuka, na nilipomaliza akasogea ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hiyo mwenyewe ana siku ngapi leo?"

"Kumi, Mama."

"Na ni lazima aseme kwa mdomo wake."

"Ndiyo walivyosema."

"Watoto wa Kipsigis huanza kuongea lini?"

"Kama wengine. Mwaka mmoja na nusu. Miwili."

"Wa kiume huchelewa," akasema. "Wewe ulichelewa mpaka tukafikiri ni bubu."

Nikamwambia asijali, nitampigia Chebet kila mwezi. Nitawaomba wamzoeshe mtoto neno hilo moja tu, chukua, hata kwa Kikipsigis, wamwimbie kila siku mpaka alishike. Nilikuwa naendelea kupanga aliponikatiza, akivuta bakuli zima la uji kwake.

"Nyakundi," akasema, "waache hao watu na mtoto wao. Mtoto akilazimishwa kuongea anakuwa na kigugumizi. Aongee siku yake ikifika."